Nchi Ilipofunga Virago

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Wakulima wote wa Tanzania Bara walitakiwa wawe vijijini kabla mwaka 1976 haujakwisha. Kwa miaka sita tangu Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, chama tawala cha TANU kilikuwa kimeshawishi na kubembeleza, na waliojiunga na vijiji vya ujamaa walikuwa wamefika kama milioni mbili. Baada ya tangazo lile ubembelezi ulikwisha. Malori ya serikali, ya mashirika ya umma na ya jeshi yaliingia barabarani, mgambo wakaitwa, na wilaya baada ya wilaya watu wakaanza kupakia vyombo. Wanahistoria wengi hukisia kwamba waliohamishwa katika miaka ile mitatu walikuwa milioni tano au zaidi. Katika Afrika huru hapakuwa pametokea uhamisho mkubwa kama huo.

Zoezi hilo, lililoitwa Operesheni Vijiji, husimuliwa zaidi kama habari ya siasa: ujamaa ulikuwa sahihi au haukuwa, viongozi walikuwa na nia njema au hawakuwa. Kwa kaya yenyewe lilikuwa jambo la kuhama nyumba, na mwenye kuhama nyumba ana maswali yake ambayo hayabadiliki. Tunaondoka lini? Nani ameshapaona huko tuendako? Maji yako umbali gani? Usiku wa kwanza tutalala wapi? Nafaka iliyo kihengeni itabebwaje, na shamba jipya litalimwa kabla ya mvua? Makaburi tunamwachia nani? Historia ya kuhamisha watu Tanzania, tangu wakoloni hadi leo, inaweza kupimwa kwa maswali hayo tu, na majibu yake yanaeleza kwa nini vijiji vingine vilisimama na vingine vikabaki mahame.

Waliohamishwa, ni haki kusema, hawakuwa watu wasiojua kuhama. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa ya wakulima na wafugaji waliohama mara kwa mara kwa hesabu zao wenyewe. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta kaya nyingi za Wagogo hazikai mahali pamoja kwa miaka mingi. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa mapande. Shamba la huku hupata, la ng'ambo ya kilima hukosa. Mwenye mji alihamia alikokuwa na ndugu au wakwe, maana hao ndio waliompa pa kulima, pa kulishia ng'ombe, na pa kulala wakati tembe jipya linajengwa. Boriti nzuri za tembe la zamani hazikuachwa.

Kusini-magharibi, kwa Wanyakyusa, kuhama kuliingizwa katika makuzi ya mtoto. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walivyoondoka kwenye nyumba za wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji. Walilala huko, lakini waliendelea kula kwa mama zao na kulima na baba zao. Walipokua walioa, wakaleta wake zao hapo, na kile kilichokuwa kikundi cha vibanda vya watoto kikawa kijiji kamili chenye mashamba yake. Kwa miaka mingi, basi, kijiji kipya kililishwa na kile cha zamani, na hakuna siku ambayo watu walijikuta wametoka kwao na hawajafika kwingine.

Kwa wakulima wengi wa bara, majira yenyewe yaliweka ratiba. Wakati mzuri wa kuhama ni baada ya mavuno: chakula cha mwaka kipo, kazi za shamba zimepungua, nyasi za kuezekea zimekomaa, mito imeshuka, na iko miezi kadhaa ya kukata fito, kujenga, kukandika na kufyeka kabla mvua za kupandia hazijaanza. Wenye nguvu hutangulia. Wazee na watoto hufuata pakishakuwa na paa. Mtu aliyehama nje ya majira hayo ama alikuwa anakimbia vita au njaa, ama amefukuzwa.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoleta kuhama kwa ratiba ya ofisi. Kuanzia miaka ya 1920, Waingereza walikusanya maelfu ya watu wa magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o waletao malale. Katika miaka ya 1940 sehemu kubwa ya Liwale, kusini-mashariki mwa nchi, iliondolewa watu. Malale yalitajwa kuwa sababu, na ardhi iliyobaki tupu ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Vijiji vya watu viligeuka malisho ya tembo, na watu wa kule hawajasahau.

Tukio lililofika mbali zaidi lilikuwa la Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawiwe kwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, mifugo ikaswagwa. Serikali ilikuwa imewatengea sehemu nyingine, Kingori, na kwa macho ya ofisi hesabu ilikuwa imetimia: ardhi kwa ardhi. Wameru hawakuiona hivyo. Walikataa kwenda Kingori, wakajisitiri kwa ndugu zao mlimani, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, kueleza jambo lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini kesi ile iliwaamsha Watanganyika wengi, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 uchungu wa Meru ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaleta watu kwenye mikutano yake.

Ni chama hichohicho ambacho, miaka 20 baadaye, kilikuwa kinawahamisha wananchi wake. Mtu anayeipenda historia ya nchi hii hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama. Lakini kati ya Engare Nanyuki na Operesheni Vijiji ziko hatua kadhaa, na mojawapo inaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo, ilijulikana, na ilikuwa imeshajaribiwa na Watanzania wenyewe.

Njia hiyo ilianzia Litowa, wilaya ya Songea. Mwaka 1960 kundi la vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, liliingia porini kuanzisha kijiji. Chakula kiliwaishia na jaribio likavunjika. Walirudi tena mwaka uliofuata wakiwa wamejipanga vizuri zaidi: wanaume walitangulia, wakafyeka, wakapanda, wakajenga, na familia zao zikaja baada ya hapo. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao kama mshauri. Kutoka Litowa ulikua Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, uliofikia kuwa na vijiji zaidi ya 15, shule yake iliyosifiwa kote nchini, na mashine ya kusaga. Umoja haukumvuta mtu kwa nguvu. Mtu aliomba mwenyewe kujiunga, akakaa kwa kujaribiwa, na wanakijiji wakaamua. Nyerere aliuona mfano huo akaupenda, na fikra zake za maandishi ya mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini zina alama za Ruvuma.

Upande wa pili wa nchi serikali ilikuwa imejaribu kinyume chake. Kati ya mwaka 1963 na 1966 ilianzisha makazi ya mfano kama Upper Kitete, karibu na Karatu, ambako walowezi wapya walikuta matrekta, mameneja, na mipango iliyochorwa na wataalamu. Gharama zilikuwa kubwa mno, na watu walikaa kama vibarua wa serikali badala ya wenye mji. Mpango ukasimamishwa mwaka 1966. Somo lilikuwa wazi: kumwandalia mhamaji kila kitu bila kumshirikisha humfanya mgeni katika nyumba yake.

Somo la Ruvuma halikupata nafasi ya kuenea. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja Umoja ule, na mali zake zikachukuliwa. Wakubwa wa mkoa hawakupenda vijiji visivyopokea maagizo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hiyo ndiyo siku ambayo hatima ya kuhama kwa miaka ya 1970 iliamuliwa, kwa sababu chama kilibaki na lengo la vijiji huku kikiwa kimewaondoa watu pekee waliojua kuvijenga bila kumsukuma mtu.

Wakati huohuo huko Rufiji mto ulikuwa umeleta jambo lake. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalivamia bonde, na serikali ikaamua kuwahamishia watu kwenye miinuko, katika vijiji vipya vilivyo mbali na maji. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na pia kupata vijiji vya ujamaa. Lakini Warufiji hawakuwa wakiishi na mto kwa ujinga. Mafuriko ya kawaida ndiyo yaliyorutubisha mashamba, na maji yakishuka walipanda mazao ya mlau katika udongo uliobaki na unyevu, wakati sehemu nyingine zimekauka. Katika mashamba hayo walikuwa na madungu, vibanda vya juu ya miti, ambamo walilala kulinda mazao dhidi ya ngedere, nguruwe na ndege, na kukwepa maji yakipanda ghafla. Waliohamishwa walikuta nyumba ziko kwenye mwinuko mkavu na shamba limebaki bondeni, mwendo wa saa kadhaa na pengine kuvuka mto kwa mtumbwi. Walifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakawa na nyumba mbili. Miezi ya kilimo walirejea bondeni madunguni, na vijiji vipya vikabaki na wazee na watoto wa shule. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeichunguza Rufiji kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi uzalishaji ulivyoumia kwa kutenganisha kitanda na shamba.

Baada ya Rufiji zilifuata operesheni za Dodoma mwaka 1971 na Kigoma mwaka 1972. Katika ile ya Dodoma Nyerere mwenyewe alikwenda akapiga kambi Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na picha zake akiwa mikono imejaa udongo zilienea. Hapana sababu ya kutilia shaka kwamba aliamini anachokifanya. Alitaka mtoto wa Mgogo apate shule, mama apate zahanati, na maji yatoke bombani. Na hesabu yake kwamba huwezi kumfikishia huduma mtu anayeishi peke yake kilomita kumi kutoka kwa jirani haikuwa hesabu mbaya. Kasoro ilikuwa kwamba upande wa pili wa hesabu, ule wa mvua ya mapande, malisho, kuni na umbali wa shamba, haukuwa na mtu wa kuuweka mezani.

Ndipo likaja tangazo la Novemba 1973, na muda wa miaka mitatu.

Ratiba ya miaka mitatu ilifanya kila mkuu wa mkoa na wa wilaya apimwe kwa idadi. Aliyehamisha wengi kwa haraka alionekana hodari. Katika mazingira hayo maswali ya kaya hayakuwa na pa kuulizwa. Maeneo ya vijiji yalichaguliwa mara nyingi kwa sababu yako kando ya barabara, ambako lori na ofisa wanafika, na viwanja vikapimwa kwa mistari iliyonyooka. Kisima kingechimbwa baadaye. Ubora wa udongo ungejulikana baadaye. Katika wilaya nyingi watu walipewa siku chache kujiandaa. Wengine walifika wakakuta kigingi chenye namba na pori. Palipokuwa na ukaidi, au palipohofiwa kwamba watu wangerudi, nyumba za zamani ziliezuliwa au zilichomwa moto. Habari hizo zimeandikwa na watafiti wengi na zinasimuliwa hadi leo na wazee wa mikoa mbalimbali.

Watetezi wa operesheni husema kwamba kazi ilipangwa ifanyike kiangazi, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya watu wa mwaka 1974 walihamishwa baada ya mavuno. Lakini kiangazi cha mkulima anayejihamisha huwa na miezi ya kutangulia, kufyeka na kujenga. Aliyeshushwa kwenye lori Septemba au Oktoba alikuwa na wiki chache za kujenga nyumba na kufungua shamba jipya kwa pamoja, na mvua hazikumsubiri. Nafaka iliyokuwa kihengeni ilisombwa kwa haraka, nyingine ikaachwa. Kuku, mitungi, mawe ya kusagia, milango, mabati kwa wenye nayo, vilipata nafasi kwenye lori kadiri dereva na mgambo walivyoruhusu. Miti ya matunda haikuhamishika.

Na ukame ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1973 na 1974 mvua zilikuwa mbaya katika sehemu nyingi za nchi, na mwaka 1974 na 1975 Tanzania ililazimika kuagiza chakula kingi kutoka nje wakati bei ya mafuta na ya nafaka duniani imepanda. Wachumi wamebishana kwa miaka mingi kiasi gani cha upungufu ule kilitokana na jua na kiasi gani kilitokana na kuhama. Yote mawili yalikuwapo, na kuhamisha mamilioni ya wakulima katika mwaka wa ukame kulikuwa ni kuongeza mzigo juu ya mgongo uliokwisha kuelemewa.

Mikorosho ya Mtwara na Lindi inatoa ushahidi usiohitaji ubishi mrefu. Mkorosho huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, na mwenye mikorosho hakai mbali nayo, kwa sababu korosho huokotwa chini kila siku msimu ukifika na palizi isipofanywa moto huingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000, ikiwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani. Kisha familia zikasogezwa kandokando ya barabara, mashamba yakawa mbali, pori likaingia. Bei duni ya mkulima na ugonjwa wa ubwiri unga vikaongeza pigo, na katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 20,000 kwa baadhi ya misimu. Kwa mkulima wa Newala au Masasi hilo lilikuwa na maana ya ada, nguo na mabati yaliyokosekana kwa miaka kumi na zaidi.

Haikuwa hivyo kila mahali. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, ambako watu waliishi kwa msongamano katikati ya migomba na kahawa, wengi hawakuhamishwa kabisa. Vitongoji vyao vilisajiliwa kuwa vijiji na maisha yakaendelea. Ndiyo maana takwimu rasmi za mwaka 1976, zilizosema watu wapatao milioni 13 wanaishi katika zaidi ya vijiji 7,000, hazina maana kwamba wote hao walibeba virago. Kwingine umbali ulikuwa mdogo, kilomita moja au mbili, na kaya iliweza kuendelea kulima shamba lake la zamani. Vijiji vya namna hiyo vingi vipo hadi leo. Umbali mfupi, shamba lilelile, majirani walewale: zoezi lililoitwa la kimapinduzi lilifaulu pale lilipofanana na kuhama kwa kawaida.

Na faida zilikuja, ni lazima zisemwe. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na bila vijiji isingewezekana kuitimiza kwa muda mfupi. Shule, zahanati na visima vilijengwa katika maelfu ya vijiji. Watanzania wengi wenye umri wa miaka 50 na zaidi walijua kusoma kwa sababu mzazi wao alihamishwa kwenda mahali penye darasa. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Nyerere mwenyewe alikiri kwamba yalifanyika makosa katika kuhamisha watu.

Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo la Novemba 1973, TANU ilikuwa imepitisha uamuzi mwingine wa kuhama: serikali yenyewe itoke Dar es Salaam iende Dodoma, kwa mpango wa miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa, na kampuni kutoka Canada ikachora ramani ya mji. Miaka kumi ilipita, ikapita mingine kumi, na kumi tena. Fedha zilikosekana, vita ya Kagera ilikuja, na wizara zilibaki Dar es Salaam zilikokuwa na ofisi, shule za watoto, hospitali na bandari. Uamuzi huo ulianza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahamia. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangulia mwaka huohuo. Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, akafuata Desemba 2017, na Magufuli mwenyewe Oktoba 2019. Baadhi ya wizara zilianzia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma mpaka ofisi za Mtumba, mji wa serikali, zilipokamilika. Ikulu ya Chamwino, pale alipofyatulia matofali Nyerere, ilizinduliwa Mei 2023.

Wakulima wa nchi nzima walipewa miaka mitatu. Wizara zilichukua zaidi ya miaka 40. Hapa hakuna haja ya kulaumu wizara. Zilifanya ambalo kila mhamaji angefanya kama angeachiwa: zilisubiri fedha zipatikane, zikatuma wa kutangulia, zikahakikisha pa kukaa papo, zikahama kwa awamu. Jambo la kusikitisha ni kwamba busara hiyo ilipatikana kwa ofisi na haikupatikana kwa mama wa Rufiji.

Watu waliohamishwa hawakuhamisha madai yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi walianza kurudi kimya kimya kwenye mashamba ya zamani, na kufikia mwishoni mwa muongo huo mahakama za mkoa wa Arusha zilikuwa na kesi nyingi za wenye ardhi waliotaka walichonyang'anywa. Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki hizo za zamani na kuzima kesi. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, waliokuwa wameshashinda kesi ya shamba lao, waliipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya kumiliki ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Kwa miaka 20 hakuna aliyekuwa amemwambia mkulima maneno hayo kwa muhuri wa mahakama.

Hata hivyo, maswali ya zamani yanarudi kila mara watu wanapohamishwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, wakazi wa mabondeni, wakiwemo wa Jangwani, walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Viwanja vilikuwa vya kweli na hatari ya bondeni ilikuwa ya kweli. Lakini mtu anayeuza maandazi au kubeba mizigo Kariakoo hawezi kuishi kwa nauli ya kutoka Mabwepande, na baadhi walirudi bondeni, kama Warufiji walivyorudi madunguni. Kaya zilizoondoka katika hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, kuanzia Juni 2022, zilikuta nyumba zimejengwa na mashamba yametengwa, jambo ambalo watu wa 1974 hawakulipata. Ubishi wa huko uko kwenye swali jingine: serikali inasema ni hiari, na wanaopinga wanasema huduma zilipunguzwa Ngorongoro mpaka hiari ikakosa maana.

Sheria sasa iko. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za fidia za mwaka 2001 zinaorodhesha anachostahili mtu anayeondolewa kwenye ardhi yake: thamani ya soko ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na posho ya usafiri. Hiyo ya mwisho imepimwa kwa mzigo halisi: gharama ya kusafirisha tani 12 za vyombo kwa umbali wa kilomita 20. Kila kaya inayopokea barua ya kuhama, iwe kwa ajili ya barabara, bomba, mgodi au hifadhi, iombe kuonyeshwa orodha hiyo na iisome kabla ya kuweka sahihi kwenye karatasi ya uthamini. Na ofisa anayepanga kuhamisha watu afike kwanza kule wanakokwenda, tena msimu wa kiangazi, aone maji yako wapi.